Moto wenye utamu

Mwanangu wa kike alikuwa na miaka 6 siku aliyonikuta jikoni naosha vyombo, akasimama mlangoni akaniuliza, "Mama, unagombana na nani?"

Nikageuka. Jikoni nilikuwa mwenyewe. Redio imezimwa, simu ipo chaji chumbani. Lakini mdomo ulikuwa unatembea na mkono umeinuka na sufuria linachuruzika maji mpaka kwenye kiwiko, maana mi wakati ule sikuwa jikoni kwangu Tandika, Dar, nilikuwa Muheza, kwetu Tanga, sebuleni kwa marehemu baba, nimesimama mbele ya kaka yangu na ukoo wote umekaa unasikiliza, namwambia yale maneno ambayo sikuwahi kumwambia. Na nilikuwa nashinda. Ile kesi ya kichwani nilikuwa naishinda kila siku, kila siku kaka anainamisha kichwa anakosa la kusema, na kesho yake asubuhi inafunguliwa upya kama vile haijawahi kuhukumiwa.

Nikamwambia mtoto sigombani na mtu, nenda kacheze. Akaniangalia tu. Watoto wanajua.

Nataka niongelee moto na pepo leo, na naomba msomaji asinielewe vibaya tangu mwanzo. Mi ni Muislamu, naamini kuna siku ya mwisho na kuna hesabu, sijaja kusema akhera ni hadithi. Ninachosema ni kwamba kuna moto mmoja nimeshaingia nikiwa hai, nikiwa nakula, nafanya kazi, nalipwa mshahara, na swala tano sikosi, na nimekaa humo kama miaka minne na watu wananisalimia barabarani wananiambia mwalimu umependeza.

Stori yenyewe ni ya kawaida kabisa, kila ukoo unayo. Baba alifariki 2013. Aliacha nyumba na shamba la michungwa, ekari nne, huko huko Muheza, na anayeijua Muheza anajua michungwa ni nini kwetu, msimu ukifika malori yanaingia mpaka ya kutoka Kenya na mtoto wa shule anapata hela ya daftari kwa kubeba matenga. Kikao cha ukoo kikakaa, kaka akapendekezwa awe msimamizi wa mirathi, tukasaini muhtasari, ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo, akathibitishwa. Hatukuona shida yoyote. Ni kaka mkubwa, sasa nani mwingine? Mwaka 2015 nikasikia kwa mtu baki kabisa, tena msibani, kwamba shamba limeuzwa. Mama hakujua. Dada zangu wawili hawakujua. Nilipompigia kaka akaniambia hela imelipa madeni ya baba. Nikauliza madeni gani, ya nani, karatasi iko wapi, akasema "wewe uko Dar huko unajua nini cha huku," akakata simu.

Hapo ndipo ilipoanzia.

Mwanzoni ilikuwa hasira, na hasira mi sioni kama ni dhambi, mtu akikudhulumu ukakasirika ni afya hiyo. Lakini hasira kazi yake ni kukuinua ukafanye jambo, na mi sikufanya. Sikwenda mahakamani kumtaka atoe hesabu wakati haki hiyo nilikuwa nayo, sikuitisha kikao, sikupanda basi. Nilikaa nayo. Na hasira ukiilaza ndani haibaki hasira, inageuka, Waswahili tunaita kinyongo, na wengine wanaita fundo, na neno fundo mi nalipenda kwa sababu ndivyo inavyokuwa kweli, kitu kimekaza hapa chini ya koo, kula inapita pembeni yake, kulala unalala juu yake. Saa nane usiku macho yamefunguka. Nikisimama kuswali nafika mahali sijui niko rakaa ya ngapi, niko Muheza. Nilikuwa naingia wasap kuangalia status za kaka, sio kwamba nina haja naye, natafuta. Ameweka picha ana shati jipya, nahesabu, hilo ni shati la michungwa yetu. Ameweka picha yuko harusini anacheka, nasema anachekea nini. Presha ikapanda, nikapewa dawa.

Nilikuwa najua naumia. Hilo sikufichwa. Ambalo lilinichukua muda mrefu sana kulikubali, na ndilo limenifanya niandike leo, ni kwamba nilikuwa napenda.

Januari 2019 matokeo ya kidato cha nne yalitoka. Mtoto wa kaka yangu alikuwa amefanya ule mtihani. Huyu mtoto nimembeba mgongoni mimi, mama yake alivyojifungua nilienda kukaa nao miezi miwili, nimemuogesha, kitovu chake kimekatika mi nipo. Ananiita shangazi kwa ile sauti ya kuvuta. Mi ni mwalimu, nafundisha Kiswahili sekondari, kwa hiyo kuangalia matokeo najua njia zote, nikaingia kwenye simu nikatafuta shule yao nikateremka mpaka kwenye jina. Ziro. Na kabla sijafikiria chochote, kabla sijajizuia, kitu kikanipita kifuani kitamu. Sina neno lingine. Kitamu kama mtu aliyekuwa na kiu akapewa maji ya mtungini. Nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Hayo sasa. Hela ya michungwa imesaidia nini?"

Kisha nikakaa kitandani na baridi ikaniingia.

Kwa sababu mtoto alikuwa na miaka 17 na saa hiyo hiyo alikuwa mahali fulani analia. Na mtu wa kwanza kufurahi duniani kote kwa kilio chake alikuwa shangazi yake.

Tulipokuwa wadogo madrasa tulikuwa tunasoma Suratul Humaza kwa kuimba, wote kwa pamoja, tunapokezana na mkeka unanuka vumbi, hata hatujui tunasema nini. *Naarullahil muuqadah, allatii tattali'u alal af'idah.* Moto wa Mwenyezi Mungu uliowashwa, ambao unapanda mpaka kwenye nyoyo. Usiku ule niliufungua msahafu wenye tafsiri nikaisoma yote polepole. Sura fupi, aya 9 tu, inaanza na ole wake kila mtu wa kusengenya na kukebehi, aliyekusanya mali akawa anaihesabu. Nikasema subhanallah. Miaka yote nilikuwa najua hii sura inamhusu kaka, ndiye aliyekusanya mali. Lakini nani alikuwa anahesabu? Mi ndiye niliyekuwa nahesabu. Nilikuwa najua michungwa ile ilikuwa mingapi, msimu mmoja ingetoa matenga mangapi, mara bei, mara miaka, nagawanya kwa wanne na mama, na kila mwaka naongeza. Na kusengenya ndio usiseme. Na ule moto haujaambiwa unaanzia miguuni kwenda juu kwenye ngozi na nywele, umeambiwa unafika moyoni. Kama ni ule ule utakaokuja au ni mwingine sijui kutofautisha, ila moyo wangu ulikuwa umeshaijua njia yake.

Sisi tunaofundisha watu dini au maadili huwa tunauelezea moto kama mateso matupu, mtu analia anataka kutoka, mlango umefungwa. Mi moto wangu mlango ulikuwa wazi na nilikuwa narudi mwenyewe. Narudi jioni nikitoka kazini kama mtu anavyorudi kwenye tamthilia yake. Ukiniambia siku hiyo kwamba kaka kaja kuomba msamaha, ana hela yote mkononi, sijui kama ningefurahi, wallahi, naona kama ningenyang'anywa kitu. Maana ningegombana na nani sasa jikoni?

Kiswahili chetu kina jambo limenikaa kichwani kutokana na kazi yangu. Pepo. Pepo tunayoiomba kwenye dua, na pepo anayempanda mtu akaanza kuongea kwa sauti isiyo yake, neno ni hilo hilo, na upepo nao umo humo, pepo za kusi na pepo za kaskazi wanazozijua wavuvi wa kwetu Tanga. Tofauti ni ngeli tu, pepo hii, pepo huyu. Wanafunzi huwa wanacheka nikilifika hili. Mi sicheki tena. Mtu yule yule, kifua kile kile, kinaweza kuwa na pepo hii au pepo huyu na ukimuangalia kwa nje kanga ni ile ile.

Na neno jehanamu lenyewe, nililitafuta usiku mmoja katika zile za kukosa usingizi, bando lipo, nikasoma mpaka alfajiri. Limetoka kwenye jina la mahali. Bonde la Hinomu, liko Yerusalemu, linazunguka mji wa kale upande wa magharibi na kusini. Kwenye Biblia, Yeremia analilaani kwa sababu watu walikuwa wanachoma watoto wao humo kama sadaka, na kitabu cha Wafalme kinasema mfalme Yosia alipachafua pale mahali ili mtu asimpitishe tena mwanawe wala binti yake motoni kwa Moleki, mungu wao wa sanamu. Kwa Kiebrania Ge-Hinomu, Wagiriki wakaliita Gehena, Waarabu Jahannam, sisi jehanamu. Kwa hiyo kabla haijawa mahali pa akhera ilikuwa bonde ambalo wazazi wanaingia na mtoto wanatoka bila mtoto, tena kwa kuamini wanafanya jambo la maana. Hilo lilinichoma. Maana na mi nilikuwa nimemtoa sadaka mtoto wa kaka kwenye moto wa ugomvi ambao hakuuwasha, na nilijiona niko kwenye haki.

Bonde lipo mpaka leo. Mtu anatembea humo. Kuna majani, kuna mizeituni, sehemu yake ya juu wameweka uwanja wa matamasha watu wanaenda kusikiliza muziki. Na mwaka 1979 mwanaakiolojia mmoja wa Israeli, Gabriel Barkay, alikuwa anachimba makaburi ya kale kwenye bega la bonde hilo, wakakuta vikaratasi viwili vya madini ya fedha vimeviringishwa kama hirizi, vidogo sana, na kuvikunjua ilikuwa kazi ya miaka kwa sababu vingevunjika. Ndani yake kumechorwa maandishi, na maandishi yenyewe ni ile baraka ya makuhani, Bwana akubarikie na kukulinda, akuangazie uso wake, akupe amani. Ni vya karne ya saba au ya sita kabla ya Kristo, na maneno yaliyo ndani ya Biblia ambayo yamepatikana yakiwa yameandikwa zamani zaidi kuliko yote ni hayo. Yamepatikana ukingoni mwa jehanamu. Yaani enzi zile zile ambazo Yeremia anapiga kelele kuhusu watoto wanaochomwa bondeni, juu kidogo hapo kuna mtu alizikwa na baraka ya amani shingoni. Mi hilo jambo sikuweza kulala nalo kirahisi. Nilizoea kufikiri pepo na moto vina umbali kati yao wa mbingu na ardhi.

Sasa bibi.

Bibi mzaa mama ni Muanglikana wa Magila, wa wale wa misheni ya zamani kabisa, mama aliingia Uislamu alipoolewa na baba, na kwetu Ubondei hilo halijawahi kuwa jambo la ajabu, Idi tunakula pamoja na Krismasi tunakula pamoja. Likizo ya Juni 2019 nilipanda basi. Chalinze, Segera, pale tunakata kulia, na kuanzia hapo harufu inabadilika, madirishani wanakuja na machungwa yaliyomenywa kwenye mifuko, na mi nilikuwa sinunui, toka 2015 sikununua chungwa la Muheza, nafumba dirisha.

Nilifikia kwa bibi kwa sababu mama naye alikuwa amehamia huko kumuuguza. Bibi ana chumba kimoja, bati linavuja upande wa kichwani kwa hiyo kitanda amekisogeza, ana Biblia yake jalada limebanduka ameshona na uzi wa gunia. Usiku nikakaa naye kitandani nikaanza kumsimulia. Nilimsimulia yote. Nilikuwa na ushahidi wote kwa mpangilio kama wakili, tarehe, nani alisema nini, bei, shati, kila kitu, nafikiri niliongea zaidi ya saa nzima, nikafika pale penye uchungu zaidi nikamgeukia nione uso wake.

Amelala. Mdomo wazi kidogo, mkono kifuani, anapumua kama mtoto mchanga.

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nikamkalia pale na kibatari nikimuangalia. Huyu mwanamke amezika watoto watatu. Hana meno. Mvua ikinyesha anasogeza kitanda. Na usingizi umemchukua kama mtu ambaye hakuna anachodaiwa wala anachomdai mtu. Mi nyumbani kwangu nina godoro zuri, nina feni, nina dawa za presha, na usingizi kama ule sikuwa nimelala miaka minne.

Asubuhi mama aliniambia jambo ambalo sikuwahi kulijua, tena kwa kulipitia tu wakati anachambua mchicha. Bibi aliporwa kiwanja na kaka yake wa tumbo moja. Zamani, mama akiwa msichana. Nikashangaa, nikasema mbona hajawahi kusema? Mama akasema, "Aliwahi. Alilia, akaenda mpaka kwa wazee wa kanisa, walipitisha asipewe. Halafu sijui, siku moja akaacha. Huyo mjomba alipougua ndiye alikuwa anampelekea uji." Akaendelea na mchicha.

Nilimuuliza bibi mwenyewe baadaye. Nilitaraji maneno makubwa. Aliniambia tu alichoka, na kwamba yule kaka yake alikuwa anapenda uji wa pilipili manga na mke wake hajui kuupika. Ndio hivyo. Nilivyomng'ang'ania sana akafungua Biblia akanionyesha mstari kwa kidole, macho hayaoni tena ila anajua uko wapi kwenye ukurasa, Luka 17, ufalme wa Mungu umo ndani yenu. Biblia nyingine naona zinatafsiri "kati yenu" badala ya "ndani yenu", na wasomi wanabishana, mi kwa nilichokiona kwenye ule uji sioni kama kuna ubishi mkubwa hapo.

Kuna hadithi tumesikia wote kwenye darsa, imepokewa na Anas bin Malik, imo kwenye Musnad, kile kitabu cha hadithi cha Imam Ahmad. Mtume (s.a.w.) amekaa na maswahaba akasema sasa hivi atawatokea mtu katika watu wa peponi. Akatokea Ansari mmoja, yaani Muislamu mwenyeji wa Madina, ndevu zinadondoka maji ya udhu, viatu kashika mkono wa kushoto. Siku ya pili hivyo hivyo, akatokea yeye. Siku ya tatu yeye. Abdullah bin Amr akamfuata yule mtu akamwambia nimegombana na baba yangu, nihifadhi siku tatu. Akalala kwake usiku tatu kumchunguza ana ibada gani ya ajabu. Hakuona kitu. Hata kisimamo cha usiku hakumuona nacho, ila akijigeuza kitandani anamtaja Mungu, na mdomoni hasikii ila la kheri. Mwisho akamwambia ukweli, sijagombana na baba, nilitaka kujua siri yako. Yule bwana akasema ni hicho ulichokiona tu. Abdullah alipoanza kuondoka akamwita, akamwambia ila mi moyoni mwangu sina ghishi, yaani hila, na Muislamu yeyote, wala simhusudu mtu kwa kheri aliyopewa na Mungu.

Hiyo hadithi nimeisikia tangu nina miaka 10 na kila mara nilikuwa naelewa kwamba yule mtu atalipwa pepo kwa sababu ya moyo wake. Nilipomuona bibi kalala ndio nikaelewa kwamba alikuwa ameshaingia, mtaani Madina, viatu viko mkononi.

Rafiki yangu mmoja ofisini kwa walimu ni Mkatoliki, nilimsimulia haya akaniambia hata kwao Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha hivyo Julai 1999, kwamba mbinguni sio mahali juu ya mawingu bali ni uhusiano hai na Mungu, na jehanamu ni hali ya mtu aliyejitenga na Mungu kwa hiari yake. Nililipokea lile neno la hiari kwa mikono miwili.

Lakini naomba niseme jambo lingine hapa, na hili nasema kwa uchungu, kwa sababu kuna watu wakisikia "moto uko moyoni mwako" wanalichukua kama fimbo. Jirani yangu alikuwa anapigwa na mumewe mpaka jicho linafunga, akaenda kwa watu wazima kulalamika, wakamwambia vumilia, pepo yako iko kwa mumeo, safisha moyo wako. Hapana. Moto wa yule dada haukuwa moyoni mwake, ulikuwa mlangoni unaingia saa nne usiku umelewa. Mwenye njaa usimwambie njaa ni mtazamo. Aliyedhulumiwa shamba usimwambie samehe kwanza ndio uje kwenye kikao. Hayo ni mafundisho ya kuwalinda waliodhulumu. Mi naongelea ule moto ambao unabaki baada ya aliyekuumiza kuondoka, ambao yeye hata hajui kama unawaka.

Na kutoka kwangu humo hakukuwa kwa siku moja wala sikulia nikaanguka chini. Nilirudi Dar nikampigia yule mtoto. Sio baba yake, mtoto. Simu ikaita sana, akapokea kwa sauti ya mtu aliyezoea kusemwa. "Shikamoo shangazi." Nikashindwa kuongea kidogo. Nikamuuliza tu umekula? Ndio swali lililokuja. Akasema bado. Tukaongea kuhusu chakula, halafu kuhusu anataka nini, akasema anapenda umeme, amekuwa akirekebisha redio za watu. Nikamsaidia ada ya VETA, chuo cha ufundi, sio yote, nilichoweza. Na kila nikituma ile hela kuna sauti ndani ilikuwa inasema unamlipia mtoto wake wakati yeye kala shamba, na nilikuwa natuma huku inaongea, sikusubiri inyamaze.

Na dada zangu na mi tukaitisha kikao, 2020, tukadai mbele ya ukoo kwamba nyumba ya baba haiuzwi, mama akae humo mpaka mwisho wake, iandikwe na isainiwe. Ikaandikwa. Niliongea vizuri siku ile, kwa ufupi, kuliko nilivyokuwa naongea jikoni. Kaka hakuomba msamaha. Hela ya shamba haijarudi mpaka leo na sidhani kama itarudi.

Siku niliyoijua pepo, hiyo naikumbuka vizuri. Nilikuwa nimesimama Tandika nasubiri gari, jua kali, watu wamejaa, mtu kanikanyaga. Simu ikalia mlio wa ujumbe. Picha. Mtoto wa kaka kavaa ovaroli la bluu, bisibisi mfukoni, anacheka meno yote, kapata kazi ya kwanza ya kuvuta waya nyumba nzima. Na kifuani ikapita ile ile, mahali pale pale ilipopita Januari ile, tamu. Ila hii haikuniacha na baridi. Nilifurahi tu, bila kujilazimisha, kwa kheri ya mtu ambaye baba yake kanidhulumu, na nilikuwa nimekanyagwa na sikusikia. Gari ikaja ikajaa ikaondoka nimesimama pale pale naangalia meno ya mtoto.

Kuna aya kwenye Suratul Hijr, ya 47, inaelezea watu wa peponi, kwamba itaondolewa chuki iliyomo vifuani mwao, wawe ndugu, wamekaa juu ya viti wanatazamana. Ndugu wanatazamana. Sisi tuliozaliwa tumbo moja tunajua hiyo aya ina uzito gani, maana jambo la kwanza kufa kwenye ugomvi wa ndugu ni macho, mnakaa msiba mmoja mkeka mmoja kila mtu anaangalia kikombe chake.

Sijafika huko. Kuna siku moto unarudi, tena bila hodi. Wiki iliyopita nilipita sokoni nikaona tenga la machungwa limeandikwa Muheza na nikaanza kuhesabu, nimefika kwenye kugawanya ndio nikashtuka. Nikanunua sita. Nilikuwa na miaka sijala, mkononi yana ile ngozi ya kijani isiyokubali kuiva rangi hata ndani yakiwa sukari.

Jioni nikampigia kaka. Sikuwa na ajenda, nilikuwa namenya. Akapokea, tukasalimiana ile ya juu juu, kukawa kimya, halafu akasema mvua za kwao zimekuwa kubwa mwaka huu, bati la kwa bibi sasa linavuja mpaka upande wa pili. Nikamuuliza ni bati ngapi. Akasema kama kumi na mbili, ila bei imepanda, geji 30 sio nzuri itapasuka, bora 28. Nikamwambia mi naweza sita. Akakaa kidogo akasema na yeye sita. Tukaongelea bati kama dakika kumi hivi, na mbao, kama zile za zamani zinafaa au zimeliwa na mchwa, akaniambia ataenda kuziangalia kesho asubuhi, misumari hatukufikia.